Kadi Niliyokuficha

Mume wangu, Baba Mundhir,

Salamu alaykum. Hali yako sikuulizi, maana jibu lako siwezi kulisikia, na yangu ukitaka kuijua, ni hofu tupu. Leo ni siku ya tatu tangu nitoke edani. Mwanao ameondoka baada ya sala ya alfajiri, tena ameondoka na pikipiki yako, anakwenda nayo kazini kwake Ras al Jinz. Ameniahidi kunipigia simu njiani akifika Ibra, na tena akifika Sur. Simu nimeiweka kando ya karatasi, na kila nikimaliza mstari mmoja naitazama. Nimeona bora nikuandikie, maana kukaa bure na simu hii nitapasuka.

Tena kuna jambo nimekuficha kwa miaka, na nisipolisema leo sijui nitalisema lini. Ile alamu ya pikipiki yako haikuwa mbovu. Au tuseme ilikuwa mbovu, lakini si kwa kiasi ulichokuwa ukimlaumu aliyekuuzia. Siku nyingine ilikuwa ni mimi.

Unakumbuka siku ulipoifunga? Pikipiki yenyewe nilikuwa nimeikubali shingo upande. Mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, afisa wa serikali, una gari nzuri yenye kiyoyozi, ukaja na dubwana jekundu ukaliegesha uani kwetu Nizwa, ukanambia eti ndiyo pumzi yako ya Ijumaa asubuhi. Nikasema hewala. Kisha ukaja na alamu. Nikakuuliza, "Nizwa hii ya Omani, nani ataiba?" Ukanijibu, "Mama Mundhir, mimi niliibiwa baiskeli Unguja mchana kweupe, huku nimeishika." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Wewe hukucheka. Ulikuwa mtoto wa miaka saba ulipoibiwa, na mpaka mvi zinakuota uliamini mwizi yule bado yuko njiani anakuja.

Alamu ile ilitutoa roho. Paka akipanda juu ya kiti, inalia. Lori la maji likipita, inalia. Upepo wa vumbi ukivuma, inalia, na wewe uko bafuni na sabuni machoni unapiga kelele, "Rimoti! Rimoti iko wapi?" Siku ya khitma ya mama yako ililia katikati ya dua. Maalim akangoja, watu wakangoja, na wewe ukatoka mbio na kiatu mguu mmoja. Na betri nayo ilikuwa ikiinyonya mpaka tone la mwisho, ukienda kuiwasha hata taa haziwaki. Wifi yangu Zuwena, dada yako, alisema pikipiki yako ina pepo, apewe anachotaka atoke. Ukawa unampigia simu Fundi Khalfan kwenye gereji yake kule Firq. Kila akija anakaza waya huu, analegeza ule, tunapata wiki moja ya amani.

Lakini mtu hafi kwa kelele. Kilichonitia hofu ni ile sehemu ya pili, ile ya kuzima injini. Ulinieleza kwa furaha, umeshika kile kidude cheusi ulichokiita kadi, ukubwa wake hauzidi tende. Ukasema kadi ikiwa karibu, injini inawaka. Ikiwa mbali, haiwaki. "Na kama pikipiki inakwenda, kadi ikabaki nyuma, inahesabu kidogo halafu inazima yenyewe. Mwizi akininyang'anya hafiki mbali."

Nikakuuliza, "Na ikizima na wewe ndiye uliye juu yake?"

"Mimi kadi iko mfukoni mwangu. Nitakuwaje mbali nayo?"

Jibu tulilipata Ibra. Ilikuwa safari ile ya Sur, umenipakia nyuma, nimevaa kofia ngumu juu ya ushungi, nimekukamata kiunoni kwa mikono miwili na bado naona haitoshi. Tulisimama kwenye msikiti mdogo kando ya njia tusali adhuhuri. Wakati wa kutawadha ulivua saa, ukatoa funguo na kadi, ukaviweka juu ya ukuta wa mabomba. Ulipomaliza ukachukua saa, ukachukua funguo. Injini ikawaka vizuri kwa kuwa tulikuwa bado pale pale. Tukatoka, tukaingia barabara kuu, na katikati ya barabara ikazima. Ulibonyeza, ukabonyeza, wapi! Nyuma yetu lori. Nakumbuka honi yake. Nakumbuka upepo wake ulivyonivuta buibui. Nakumbuka nilianza shahada nikashindwa kuimaliza, nikajiambia, basi, na hii nayo nitaulizwa kaburini. Lilitupita kwa kiasi cha mkono.

Uliisukuma mpaka pembeni, ukakaa kwenye kokoto, kisha ukaanza kucheka. "Kadi! Wallahi nimeisahau kadi kwenye mabomba!" Nilicheka na wewe kwa sababu sikujua nifanye nini jingine. Tangu siku ile sikupanda tena. Na tangu siku ile, Baba Mundhir, sikupumua vizuri Ijumaa hata moja.

Mara ya kwanza palikuwa na vumbi, mlima hauonekani. Wewe uko bafuni, kanzu yako imetundikwa. Niliichukua kadi mfukoni nikaizamisha ndani ya debe la mchele, jikoni kule nyuma, mbali na pikipiki. Ukatoka, ukajaribu kuiwasha, haikuwaka. Ukaizunguka mara mbili, ukaitukana kwa adabu kama kawaida yako, ukaenda pembeni kumpigia simu Fundi Khalfan. Kisha ukaja ukakaa barazani, ukasema, "Haya, basi nipikie mandazi." Tukanywa chai mpaka adhana. Jioni kadi nikairudisha mfukoni na nikajiambia ni mara moja tu. Ikawa kila upepo ukivuma. Ikawa kila nikiota ndoto mbaya. Mwisho ikawa kila nikiamka na moyo mzito, na mimi unanijua, moyo wangu huamka mzito mara nyingi. Ulimlaumu aliyekuuzia, ulibadilisha betri ya kadi sijui mara ngapi, na mimi nimesimama hapo na birika nakumiminia chai.

Na hukufa kwa pikipiki. Hilo ndilo lililonivunja. Miaka yote nimelinda mlango mmoja, mauti yakaingia kwa mwingine. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, umekaa kwenye kochi unamenya chungwa, ukasema kifua kinakubana kidogo. Uliingia hospitali kwa miguu yako mwenyewe na hukutoka. Walinipa saa yako, pete yako na kadi ile, vyote ndani ya mfuko wa nailoni.

Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi. Nilikaa chumba cha mbele, kile chenye dirisha la uani, ili wanawake wanaokuja kunipa pole wasipite nyumba nzima. Siku za matanga wanaume walitaka nafasi ya viti, wakaisukuma pikipiki yako mpaka ukutani kwangu, chini ya dirisha. Nikifungua macho nauona usukani wake. Kadi niliitia chini ya mto. Sikuificha bado, ilikuwa kitu chako cha mwisho nilichoweza kukishika, nami nililala nayo.

Mwezi wa pili wa eda akaja Mundhir. Ameajiriwa kule Ras al Jinz, kasa wanakotagia mayai, anapokea wageni kwenye jengo lao na kuwapeleka ufukweni, na kazi anaipenda, uso umemkunjuka. Alinishika mkono, akasema, "Mama, pikipiki ya Baba naitaka. Sitaki ioze uani. Kadi yake iko wapi?"

Nikamwambia kadi haionekani. Mwenye eda, msahafu mkononi asubuhi na jioni, nikamdanganya mwanangu bila kupepesa jicho.

"Basi nitajaribu hivyo hivyo," akasema. Nikajisemea moyoni, jaribu, haitawaka.

Alitia betri mpya, na ikawaka mara moja. Akagonga dirisha langu kwa furaha, "Mama! Imewaka bila kadi! Alamu imekufa, alhamdulillahi!" Nilifungua mdomo niseme. Wallahi niliufungua. Lakini ningesema nini, kwamba kadi iko hapa na mimi ni mwongo? Nikadhani labda kweli imekufa, kitu chenyewe kibovu siku zote. Sikuukumbuka ukuta. Kitanda changu kimeuegemea ukuta ule ule, na pikipiki iko upande wa pili. Kutoka mto wangu mpaka injini hazikufika hatua mbili.

Nilisikia mlio wake ukitoka getini, ukashuka uchochoro, ukaingia barabara kubwa. Kisha ukakatika. Haukufifia kama kitu kinachokwenda mbali, ulikatika. Halafu honi. Halafu breki.

Mlio wa namna ile naujua. Nilitoka mbio. Zuwena alikuwa sebuleni anachagua mchele kwenye ungo, akanidaka mkono. "Eda, wewe! Eda! Unakwenda wapi hivyo?" Nilimsukuma dada yako, Mwenyezi Mungu anisamehe, mchele ukamwagika, nikatoka na kanga moja kichwani, miguu mitupu juu ya lami ya saa sita mchana, mbele za wanaume. Sikuwa naona. Nilikuwa nikisema, "Ya Rabbi, si huyu, si huyu."

Alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, suruali imechanika gotini, mkono unavuja damu. Gari jeupe limepanda juu ya kokoto kumkwepa, na dereva wake anatetemeka kuliko yeye, anarudia, "Al-hamdulillah ala salamtak, al-hamdulillah ala salamtak," ndiyo kumshukuru Mungu kwamba mtu kasalimika. Mundhir aliitazama miguu yangu. "Mama," akasema, "umetoka?" Mtoto amekoswa na mauti, anaogopa kwa ajili ya eda yangu.

Waliisukuma mpaka nyumbani. Chini ya dirisha langu, akajaribu, ikawaka. Zuwena akajifunika uso. "Sikusema mimi? Marehemu hataki itoke nje ya geti. Tuisomee Yasini." Akaisomea kweli, na chetezo akaleta, pikipiki ikafukizwa udi kama bibi harusi. Mimi nimejifungia ndani. Kwa saa nzima niliamini kama Zuwena. Nilidhani ni wewe, umekuja kunifichua.

Kesho yake akaja Fundi Khalfan kutoka Firq. Unajua upole wake, Mpemba yule, hata spana anaiweka chini kwa adabu. Niliwasikia yote kupitia dirishani. Akaiwasha, ikawaka. Wakaipeleka nje ya geti, haikuwaka. Wakairudisha, ikawaka. Fundi akaizima.

"Mundhir, pikipiki haina ugonjwa wowote. Kadi imo humu ndani. Tena upande huu huu wa nyumba."

"Mama kasema imepotea, fundi."

Khalfan akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu mwenye haya. "Sikiliza, mwanangu. Babako, Allah amrehemu, akinipigia simu siku za Ijumaa. Ananambia, Khalfan, leo usije, kadi iko ndani ya debe la mchele. Mimi namwambia, si uitoe, bwana, ukaendesha? Ananambia, hapana, leo hana raha Mama Mundhir, wacha nikae nyumbani."

Nilikaa sakafuni pale pale nilipokuwa nimesimama. Ulijua. Ulijua mpaka debe! Ulizunguka pikipiki, ukaitukana, ukabadilisha betri ambazo hazikuwa na kosa, ukaniomba mandazi, na ulijua. Hukunambia hata kwa mzaha, wewe uliyenitania kwa kila kitu, mpaka kwa ninavyokoroma.

Mundhir aliingia bila kubisha, mkono umefungwa bandeji, akakaa chini karibu na mimi. Nikaingiza mkono chini ya mto, nikaitoa kadi, nikaiweka kwenye mkeka kati yetu.

"Ulijua itazima barabarani, Mama?"

"Nilidhani haitawaka kabisa."

"Lakini ulijua inavyofanya."

"Nilijua."

Aliigeuza kadi kwa kidole kimoja. Nilingoja anikaripie, na ningeona nafuu. Badala yake akasema, "Khalfan anaweza kuing'oa alamu yote kwa saa moja. Nimemwambia asiing'oe. Kadi kaa nayo wewe. Siku utakayonipa kwa mkono wako, nitaichukua pikipiki. Usiponipa, itakaa hapo ilipo, na mimi nitakuja na kwenda kwa gari. Sitakuuliza tena." Akanibusu kichwani, akaondoka.

Na kweli hakuuliza, na hilo ndilo lililonitesa. Kila mwisho wa wiki akija, anaamkia, "Shikamoo, Mama," anakula, ananisomea habari kwenye simu, anaipita pikipiki kama haipo. Nilikuwa nimemshinda. Mwanangu yuko salama, amekaa, kama ulivyokaa wewe. Ingenipasa kufurahi. Lakini Ijumaa moja alikuwa barazani na kikombe chake cha chai, hajui kama namtazama, macho yake yako kule kwenye mlima. Hakuwa na hasira wala huzuni. Alikuwa anangoja tu siku iishe. Nikaujua uso ule. Ulikuwa wako, na wewe nilikutazama miaka yote ile na birika mkononi, nisiuone.

Alfajiri ya leo nikampa. Usidhani nilifanya kishujaa. Vidole havikutaka kufunguka, ilibidi avisaidie yeye. Aliitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga zipu, akanionesha kwamba imefungwa. Nikamwambia, "Ukitawadha njiani usiivue." Akaniuliza kutawadha kunahusu nini. Hakuwahi kusikia kisa cha Ibra. Nikamwambia baba yake atamhadithia, kisha nikakumbuka, tukatazamana sote wawili.

Ibra amefika saa mbili na nusu, alinipigia, sauti nzuri, amekula. Sasa ni saa tano. Hesabu yangu inasema Sur alikuwa awe ameshafika. Nimeinuka mara tatu kwenda getini na kurudi. Kila mlio barabarani naufuata kwa masikio mpaka uishe, nisikie unafifia au unakatika. Nikifumba macho namwona kwenye ukingo wa barabara, na safari hii hanitazami miguu. Ningekuwa na kadi ile sasa hivi ningeitia tena ndani ya debe, nakwambia kweli, sijatengenea hata kidogo. Mtu huogopa akiwa hajafiwa. Akishafiwa ndiyo anajua alikuwa akiogopa nini.

Simu imelia. Ni yeye.

Yuko Sur, kwenye kituo cha petroli. Alichelewa kwa sababu upepo umeanza, mchanga unapita juu ya barabara, akawa anakwenda polepole. Nilijaribu kuongea kama mtu, lakini alinisikia ninavyohema. Akasema, "Mama, nina rafiki hapa mwenye gari. Ukisema niiache pikipiki, naiacha. Sema tu. Sitakasirika."

Na kweli asingekasirika. Angepanda gari, angenipigia kutoka Ras al Jinz, angenambia chakula alichokula, na asingelitaja tena jambo hili mpaka nife. "Iache" ilikuwa juu ya ulimi wangu. Niliikaza mdomoni mpaka taya zikaniuma.

"Nenda nayo, mwanangu," nikamwambia. "Taratibu, lakini nenda nayo."

"Kweli, Mama?"

Nilikata simu kabla sijabadili neno.

Mwandiko umeharibika, utanisamehe. Imebaki kama saa moja mpaka afike, na sijawahi kuogopa maishani mwangu kama ninavyoogopa sasa hivi. Kumbe ni neno dogo tu, nenda. Ijumaa zote zile, wewe uliyejua na ukakaa, sikukwambia hata mara moja.

Allah akupe nuru na nafasi huko uliko, na anisamehe kwa ajili yako.

Mkeo,
Mama Mundhir